Miezi Mitatu ya Tulia

Mama Elihuruma alikuwa na sufuria moja aliyoifunga mkanda wa gari kama mtu. Ilikuwa sufuria nene yenye mikono miwili, aliyokuja nayo kutoka Machame ndani ya sanduku, tumbo lake limejazwa vitenge ili isikalie nafasi bure. Akisikia kuna mwanamke kajifungua, awe wa Brooklyn Park au wa Crystal, vitongoji vya huku Minnesota, hata kule Apple Valley ng'ambo ya mto, hakuuliza ni Mtanzania au Mkenya, Mkristo au Mwislamu. Alimenya ndizi, akazichemsha na nyama ya mifupa mpaka zikalainika, akaziponda kwa mwiko hadi mkono ukamuuma, akapata mtori mzito wa mzazi. Kisha akaizungushia sufuria kanga, akaikalisha kiti cha mbele pembeni yake, akaivutia mkanda.

Mumewe, Edson, alikuwa dereva wa basi la shule. Siku za mtori yeye ndiye aliyekaa nyuma.

"Nimekuoa miaka yote hii," alikuwa akisema huku anakunja magoti, "leo sufuria imenipita cheo."

"Sufuria hainiambii punguza mwendo kila kona, Baba Elihuruma."

Mtori haukuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kwenye nyumba moja ya wazee kule Crystal, kuwaogesha, kuwavalisha, kuwageuza kitandani. Mtori ulikuwa wito tu. Kwao, mwanamke akishajifungua anaitwa mzazi, na mzazi hana jingine ila kula, kulala na kunyonyesha. Maji anachotewa, kuni anatafutiwa, na mwenye hamu ya kumwona mtoto anamfuata ndani. Hatoki mpaka miezi mitatu itimie. Ikitimia anapakwa mafuta, anavishwa nguo ya kupendeza, wanawake wanamzunguka na kumpeleka sokoni wakiimba, ili kila mtu amwone na kusema, huyu katoka salama na mwanawe. Huko ndiko kumtoa mzazi. Mama Elihuruma aliwaona dada zake wakitolewa, na aliimba mpaka sauti ikakauka. Yeye mwenyewe hakuwahi kutolewa. Hilo tutalifikia.

Hapa Minnesota mambo yalikuwa mengine. Mwanamke alijifungua Jumanne, Alhamisi karudishwa nyumbani na mtoto kwenye kiti chake cha gari, na kabla mtoto hajaizoea sura ya mama yake, mama yuko kwenye shifti. Sheria ya wakati ule ilimpa wiki sita bila mshahara, na hizo pia ni kwa yule aliyetimiza mwaka mzima pale kazini. Asiyetimiza, shauri yake na mwajiri wake.

Majira ya baridi yaliyofuata mwaka ule daraja la barabara kuu lilipoanguka mtoni na magari yake, aliyejifungua alikuwa Tulia.

Tulia alikuwa binti wa Njombe, mke wa Mwita aliyeendesha teksi ya uwanja wa ndege. Alifanya kazi nyumba ileile ya wazee na Mama Elihuruma, na mwaka wake ulikuwa haujatimia. Mama yake mzazi alikata tamaa ya kuja baada ya ubalozi kumnyima viza. Mtoto alikaa vibaya tumboni, ikabidi Tulia apasuliwe. Akapata mvulana, wakamwita Naftali, jina la babu yake mzaa baba.

Siku Tulia alipopigiwa simu kutoka kazini, mtoto alikuwa na wiki mbili na ushei. Nje theluji ilikuwa imekuwa nyeusi pembeni mwa maegesho, ile theluji ya Machi isiyopendwa na mtu. Mama Elihuruma alipanda ngazi na sufuria yake, akafunguliwa mlango na Tulia mwenyewe, ameinama kidogo, mkono mmoja umeshika tumbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekutuma kufungua mlango?"

"Mwita yuko kazini, mama."

"Basi ungeniacha nisimame hapo nje. Mimi sijapasuliwa."

Alimrudisha kitandani, akampakulia bakuli, akamkalia mpaka akalimaliza. Alikuwa amempakata mtoto akimnusa utosi, maana hakuna manukato yanayofika pale, simu ilipolia. Tulia aliongea Kiingereza cha kazini, kile cha ndiyo, sawa, ninaelewa. Alipokata, aliiweka simu juu ya godoro taratibu kama kitu cha kuvunjika.

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu nini?"

"Supavaiza anasema hawezi kuniwekea nafasi. Ama nirudi Jumatatu, ama kila shifti yangu ipate mtu wa kuishika, la sivyo anaajiri mwingine."

"Hajui umepasuliwa?"

"Anajua, mama. Aliniletea maua."

Maua yenyewe yalikuwa palepale dirishani, kwenye chupa, yameanza kukunja shingo.

"Na yule mzee wa chumba cha mwisho," Mama Elihuruma akauliza, "mwenye mwili kama mlango wa kanisa, utamgeuza kwa nguvu gani? Kwa maombi?"

Tulia akacheka, kisha akaacha haraka kwa sababu kucheka kulimuuma kwenye mshono. Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mama Elihuruma hakumwambia nyamaza. Alimwekea mtoto kifuani na kumwambia, "Jumatatu naishika mimi. Hizo nyingine ngoja nizitafutie watu."

Lakini mtu mmoja hawezi kuwa wawili. Tulia alikuwa na shifti tano kwa wiki, na Mama Elihuruma alikuwa na zake tano. Kesho yake kazini akaingia chumba cha kupumzikia, akawakuta wenzake wanakula, akawaeleza. Wakatazamana. Aliyejibu ni Kemunto, Mkisii mmoja mwenye ulimi usiokuwa na breki.

"Mama Elihuruma, mimi nakuheshimu sana. Lakini mimi nilirudi wiki ya pili. Nani alinishikia shifti?"

"Hakuna."

"Philister alirudi wiki ya tatu na pacha nyumbani. Nani alimshikia?"

"Hakuna."

"Basi. Sisi wote tumepitia hapo na hatujakufa. Huyu yai asiyeguswa ni wa nani?"

Walicheka, si kwa ubaya, na wakarudi kwenye vyakula vyao. Mama Elihuruma hakukasirika. Alijua Kemunto hasemi uongo. Kilichomchoma ni kwamba hao wote aliwapelekea mtori, wakamshukuru, wakamrudishia sufuria imeoshwa inang'aa, kisha wakavaa sare na kwenda. Alikuwa amewalisha kwa ajili ya miezi mitatu ambayo hakuna hata mmoja aliyepewa.

Jumapili baada ya ibada, Serah alimfuata jikoni mwa kanisa. Serah alikuwa muuguzi, Mkenya wa Nyeri, kwenye kliniki ya wajawazito. Aliongoza kikundi cha wanawake waliotafuta kile walichokiita haki ya uzazi. Mama Elihuruma alikwisha kumsikia akieleza: haki ya kuzaa, haki ya kutozaa usipotaka, na haki ya kumlea uliyemzaa bila kuvunjika mgongo. Zile mbili za mwanzo watu walizibishania sana pale kanisani mpaka chai ikapoa. Ile ya tatu hakuna aliyeibishania, na hakuna aliyeifanyia kitu.

"Mama, kuna mswada kwa bunge ya jimbo," Serah akasema. "Miezi mitatu kwa kila mama akijifungua, na sehemu ya mshahara. Kamati inakaa Alhamisi, pale Saint Paul. Wanataka kusikia mtu mwenye yamempata. Niliskia kuna msichana wako, Tulia."

"Miezi mitatu?" Mama Elihuruma akaacha sifongo. "Nani kawaambia miezi mitatu?"

"Ni madaktari, mama."

"Madaktari." Akatikisa kichwa. "Haya. Wakikubali Alhamisi, Tulia anabaki nyumbani?"

"Hapana. Hata wakikubali, sheria haianzi kesho. Inaweza kuchukua hata mwaka."

"Sasa tunaenda kufanya nini?"

"Tunaenda ndio yule mwingine atakayejifungua asipigiwe simu kama hiyo. Mama, wacha nimkujie Tulia Alhamisi na gari. Nitamfunika vizuri. Wakimwona na mtoto mkononi, hiyo peke yake inatosha."

Hapo Mama Elihuruma akajifuta mikono, akageuka.

"Serah mwanangu. Unataka nimtoe mzazi nje kwenye barafu, na mshono mbichi, akasimame mbele ya watu asiowajua, kwenda kuwaomba wamruhusu kukaa ndani?"

"Ukiisema hivyo," Serah akasema, "inakaa vibaya."

"Inakaa vibaya kwa sababu ni vibaya. Mzazi hatoki."

"Basi nani atasema? Kemunto amekataa kusema, anakuja tu kwa sababu nimeahidi chakula. Wengine wanaogopa wakubwa wa kazi."

Mama Elihuruma alitazama sufuria za kanisa zilizopangwa kwenye rafu.

"Nitasema mimi," akasema.

Tangu jioni ile hakutulia. Jumatatu, Jumanne na Jumatano za wiki ile aliunganisha shifti zake za asubuhi na za Tulia za mchana. Alijitazama kwenye kioo cha bafuni akisema maneno kwa Kiingereza. Binti yake, Elihuruma, msichana wa miaka kumi na minne aliyekwisha kumpita mama yake kwa urefu, alimsahihisha akiwa mlangoni, maana huyu alielewa Kiswahili chote lakini kujibu ni Kiingereza tu.

"Mama, una dakika mbili. Kengele ikilia, basi."

"Dakika mbili? Hata mgeni hajakaa."

"Ndiyo hivyo, Mama."

Kitandani Edson akamuuliza, "Utawaambia nini?"

"Habari za Tulia."

"Habari za Tulia ni za Tulia."

Mkewe akageukia ukutani. Alijua mumewe anakoelekea, na yeye pia alikuwa akiuzunguka mlango huohuo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Walipokuja hapa, Edson akiwa mwanafunzi, Mama Elihuruma alijifungua mtoto wa kwanza mwezi kama huo wa Machi. Mama yake alinyimwa viza. Hakukuwa na duka la Kiafrika karibu, wala dada, wala shemeji. Edson alijua jambo moja tu, kwamba mzazi anakunywa mtori. Akapanda mabasi akitafuta ndizi mbichi siku nzima, akarudi na zile za njano zilizoiva, za kula na maziwa asubuhi, kwa sababu hizo ndizo alizoziona. Akazipika na nyama, akaziponda. Ukatoka mtori mtamu kama keki, na mfupa unaelea katikati. Mkewe akaunywa wote. Hadithi hiyo kila mtu aliijua. Ilisimuliwa kwenye harusi na ubatizo, na Edson mwenyewe alijifanya kuona haya huku akiongeza chumvi: mara ndizi zilikuwa na stika zake bado, mara alitia mdalasini. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Nusu ya pili ya hadithi hiyo haikuwahi kusimuliwa, hata kati yao wawili.

Alhamisi, Edson aliazima basi dogo la kanisa, akawapakia wanawake tisa, Serah na makabrasha yake, Kemunto na njaa yake. Jengo la bunge lilikuwa jeupe juu ya kilima, na farasi wa sanamu, wa dhahabu, wamesimama juu ya paa kana kwamba wamekatazwa kushuka. Ndani, sakafu iling'aa kiasi kwamba wanawake walitembea kwa kunyata. Kemunto akanong'ona, "Hapa mtu anapiga deki na machozi."

Chumba cha kamati kilikuwa na joto. Wabunge walikaa juu kidogo, kwenye meza ya nusu duara, vikombe vya kahawa mbele yao. Walisema watu wenye makampuni, walisema maprofesa, kila mmoja akianza palepale kwenye jambo lake kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Kisha mwenyekiti akamtaja Mama Elihuruma kwa jina lake la kwenye vitambulisho, Elinaja, akilivunja vipande vitatu. Akaenda mezani, akakaa, akavuta kipaza sauti.

Sasa, mwanamke aliyelelewa kanisani, ukimpa kipaza sauti, mdomo unajua wenyewe pa kuanzia.

"Bwana Yesu asifiwe," akasema kwa Kiswahili.

"Amina," wakajibu wanawake tisa nyuma yake, kwa sauti moja, na mlinzi mlangoni akashtuka.

Mama Elihuruma akapata nguvu. Akahamia Kiingereza. Akamsalimu mwenyekiti na kumuulizia hali. Akawasalimu wabunge upande wa kulia, akawasalimu na wa kushoto ili wasione wametengwa. Akawashukuru kwa kuacha kazi zao. Akaleta salamu za mchungaji, ambaye angependa kuwepo lakini alikuwa na msiba. Akaleta salamu za wanawake wa Brooklyn Park na Crystal. Akasema yeye ni mama wa watoto watatu, mke wa Edson, yule pale nyuma mwenye koti la kijivu, na Edson akasimama nusu, akainama, akakaa. Akasema kwao wanatoka chini ya mlima ambao nao una theluji, kwa hiyo wasimwonee huruma kwa baridi. Alipovuta pumzi ili sasa aanze, kengele ikalia.

"Asante sana," akasema mwenyekiti kwa upole. "Muda umekwisha. Unaunga mkono mswada?"

Mama Elihuruma akamtazama. "Nilikuwa bado nasalimia," akasema.

Kicheko kikapita chumba kizima, kile cha watu wema wanaokuonea haya. Kule nyuma alimsikia Serah akivuta hewa kwa meno. Lakini mbunge mmoja, mama mwenye nywele nyeupe aliyekaa ukingoni, hakucheka. Alisema kitu kwa mwenyekiti, mwenyekiti akatazama saa.

"Dakika moja, mama."

Basi yote aliyoyapanga kuhusu Tulia yakamtoka, maana dakika moja haikutosha kumfikisha mtu Njombe na kumrudisha. Likabaki lile lililokuwa karibu.

"Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa hapa," akasema. "Mume wangu alinipikia chakula cha mzazi, akakosea, akatumia ndizi mbivu. Kilikuwa kitamu vibaya. Wenzangu hawa wote wanaijua hadithi hiyo na tunaicheka. Sikuwaambia kwa nini nilikunywa sufuria nzima. Kesho yake nilikuwa narudi kazini. Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijadondoka. Nilikuwa nakunywa miezi mitatu kwa siku moja. Nikarudi, nikanyanyua wazee wa watu, damu bado inanitoka. Siku moja maziwa yakaja nikiwa nimemkumbatia bibi mmoja kumsimamisha, yakatulowesha wote wawili, yule bibi akaniuliza nani analia. Halafu hayakuja tena. Binti yangu hakunyonya zaidi. Sasa ana miaka kumi na minne, ni mrefu, ana afya, yeye hana shida yoyote. Mimi ndiye bado ninayo."

Kengele ilikuwa haijalia. Akakumbuka adabu yake.

"Ndiyo," akamwambia mwenyekiti. "Naunga mkono."

Hakuna aliyecheka. Mbunge mwenye nywele nyeupe alikuwa amevua miwani. Mwenyekiti akashukuru tena, akasema mambo marefu, wakainua mikono, wakaitelemsha, na karatasi zikafungwa.

Kwenye korido Mama Elihuruma akamshika Serah mkono. "Wamekubali?"

"Wameiweka kando, mama."

"Kuweka kando ni nini?"

"Ni hapana yenye iko na adabu."

Walirudi kwenye basi. Edson aliwasha injini, kisha hakuondoka. Alitazama mbele, mikono kwenye usukani.

"Nilidhani uliunywa kunifurahisha," akasema.

"Hilo pia," mkewe akajibu.

Akaliondoa basi. Walikuwa wamekwisha kuvuka mto, wanakaribia Crystal, Kemunto aliposema kutoka kiti cha nyuma, bila kumwangalia mtu:

"Mama Elihuruma."

"Naam."

"Nikiwa na yule Alvin wangu mdogo, ulinileteanga ile mtori mara nne. Mara ya nne nilikuambia imezidi chumvi."

"Ulisema, ndiyo."

"Na wewe hakuna mtu alikuletea."

"Aliniletea Baba Elihuruma."

"Ya ndizi mbivu," Kemunto akasema, na safari hii hakucheka. Akatazama dirishani, vidole vinapigapiga pochi. "Huyo Tulia. Jumanne yake iko saa ngapi?"

"Inaanza saa tisa mchana."

"Niandike. Na Jumamosi, lakini Jumamosi nitalalamika."

Philister akasema atachukua Jumatano. Mwingine akasema Ijumaa, akimpata wa kumwachia watoto. Mama Elihuruma alifungua mkoba, akatoa karanga, akazipitisha viti vya nyuma, na wote wakatafuna mpaka nyumbani.

Basi ndivyo miezi mitatu ya Tulia ilivyopatikana. Haikutoka kwa mtu mmoja. Supavaiza alipoona kila shifti ina mtu, hakuajiri mwingine. Aliuliza tu kwa nini Tulia siku hizi ana sura nyingi. Kemunto alilalamika kila Jumamosi kama alivyoahidi, na kila Jumamosi alifika mapema. Mama Elihuruma alishika Jumatatu juu ya zake, akawa anarudi miguu imevimba, hana nguvu ya kuponda ndizi.

Hapo Edson akaichukua sufuria. Jioni moja, akishaliegesha basi la shule, alifika dukani kwa Waafrika, akachagua ndizi moja moja akizibonyeza mpaka mwenye duka akamwuliza anatafuta nini ndani. Akapika. Akaifunga sufuria mkanda kiti cha mbele, akaipeleka kwa Tulia mwenyewe.

Tulia akaonja, akamtazama.

"Baba, mbona hauna sukari?"

"Ningetaka kuchekwa ningebaki nyumbani," Edson akasema. Lakini alikaa akingojea mpaka bakuli likaisha, na aliporudi alimwambia mkewe, "Ameomba tena." Mkewe alikuwa amelala kwenye kochi na sare yake. Edson alichemsha maji, akatia chumvi kwenye beseni, akamshika mguu mmoja mmoja akautumbukiza, naye hakuamka, alisema tu kitu kwa Kichaga.

Mshono wa Tulia ukapona. Naftali akapata mashavu, kisha kidevu cha pili. Theluji ikaisha kama kawaida yake, siku watu walipoacha kuiulizia.

Mwezi Mei, miezi mitatu ilipotimia, ukazuka mjadala. Mzazi atolewe, sawa, lakini soko liko wapi?

"Tumpeleke kwa hiyo duka kubwa iko na maegesho," Kemunto akasema.

"Watu wa pale wana haraka," Mama Elihuruma akasema. "Mzazi anapelekwa mahali watu wamesimama wakamwone. Nami napajua."

Serah akakamata kichwa. "Mama, pale bungeni bado wanakaa. Wiki hii ndiyo ya mwisho."

"Ndiyo maana."

Wakampaka Tulia mafuta, wakamvisha kitenge cha zambarau na kilemba, wakampa mtoto. Edson akaendesha. Juu ya kilima majani yalikuwa mabichi, maua mekundu yamepangwa kwenye vitalu kama watoto wa shule. Wakampanga Tulia katikati, wakaanza kupanda ngazi zile nyeupe polepole wakiimba, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na vigelegele vya Kemunto vikatangulia mbele kuliko wote. Mlinzi akatoka mbio.

"Mna kibali cha maandamano?"

"Haya si maandamano," Serah akamwambia. "Huyu mama anatoka nje kwa mara ya kwanza tangu ajifungue."

Mlinzi akamtazama Tulia, akamtazama mtoto. "Hongera," akasema, akasogea pembeni.

Walikuwa wamefika ngazi za juu mlango ulipofunguka, wakatoka watu wenye mikoba, na miongoni mwao yule mama mwenye nywele nyeupe. Akasimama. Akamtambua Mama Elihuruma.

"Bado unasalimia?" akamwuliza, akitabasamu.

"Leo nimemaliza," Mama Elihuruma akasema. Akamchukua Naftali kutoka kwa mama yake na kumweka mikononi mwa yule mbunge bila kumwuliza, maana mtoto aliyetolewa hupokewa na kila aliye mbele. "Tazama. Hii ndiyo miezi mitatu tuliyokuja kuwaomba. Mliiweka kando, tukaiokota."

Mama yule alimshika mtoto kama mtu aliyewahi kushika wake. Naftali akaitazama miwani yake, akaamua kuipenda, akaishika. Mbunge akamwuliza Tulia alijifunguaje, na Tulia, ambaye kazini alisema ndiyo na sawa tu, akamweleza. Akaeleza kisu, akaeleza maua ya supavaiza, akaeleza nani aliishika Jumanne na nani Jumamosi. Wanawake waliacha kuimba wakamsikiliza.

"Utaletwa tena mwakani, huu mswada," yule mama akasema mwishowe, akimrudisha mtoto. "Na mwaka mwingine, ikibidi. Utakuja kuyasema haya ndani?"

Tulia akamgeukia Mama Elihuruma kama binti anavyomtazama mama yake mbele ya mgeni. Mama Elihuruma alikuwa akifunga vizuri ncha ya kilemba chake.

"Jibu mwenyewe. Umeshatoka," akasema.

"Nitakuja," Tulia akasema.

Wakashuka ngazi kwa jua. Edson alikuwa amewafungulia mlango wa basi, na kwenye kiti cha mbele, ndani ya mkanda, sufuria ilikuwa imekaa na pilau ya sherehe.

"Lakini nisikilize," Mama Elihuruma akamwambia Tulia, akimshika kiwiko ngazi ya mwisho. "Dakika zao ni mbili. Usisalimie sana."

"Mama," Tulia akasema, "nitaanzaje kusema na watu ambao sijawasalimu?"

Mama Elihuruma alifikiri jambo hilo mpaka wakafika kwenye basi.

"Msalimie mwenyekiti peke yake," akasema. "Wengine tutawasalimia sisi huku nyuma."